Mguu wa Kuku Kiunoni: Mwongozo kwa Mkazi wa Mwanza

Kabla hujaulizia bei, chukua kalamu uandike jina la mtu unayemwogopa. Wengi hatua hii wanairuka. Wanaanza na picha kwenye simu, bastola ndogo nyeusi inayoenea kiganjani, tena bei yake inavumilika, na wakishaipenda ndipo wanaanza kuitafutia adui. Wewe anza na adui. Kama jina halipatikani, fedha zako zipeleke kwenye taa ya nje na kufuli la maana, na mwongozo huu uishie hapo kwako.

Wenye sababu Mwanza hawakosekani. Yupo wakala wa fedha wa Igoma anayefunga kibanda saa tatu usiku, mauzo ya kutwa yamo kwenye begi la mgongoni. Yupo mnunuzi wa mabondo ya samaki mwaloni Kirumba, ambaye kifurushi alichokikumbatia kina thamani kuliko pikipiki aliyoipanda. Yupo dalali wa dhahabu wa njia ya Geita. Yupo tajiri wa mitumbwi mwenye kambi visiwani Ukerewe, ambaye majambazi wa ziwani wameshamfungulia injini za Yamaha na kuwaacha vijana wake wakielea gizani. Hawa wote hofu yao ni ya haki, na ni kwa ajili yao naandika.

Ila jina likishaandikwa, mtazame huyo adui anavyofanya kazi. Jambazi wa ziwani haji peke yake. Anakuja na wenzake, usiku, mtumbwi wao una injini yenye nguvu kuliko yako, na wakija na silaha huwa ni bunduki ndefu. Wewe umesimama juu ya mbao zinazoyumba, nyavu ziko miguuni, mkono umelowa, na umeshika bastola fupi ambayo hata nchi kavu inadai utulivu. Ukipiga risasi moja hewani ya kutishia, umewaonyesha ulipo. Injini hununuliwa tena. Vijana wako wafundishe kuiachia, na fedha ya bastola iweke kwenye makoti ya kuokolea maisha.

Wa kibandani je? Huyo amekuchungulia wiki nzima. Anaijua saa unayofunga, anajua unainama upande gani kufunga kufuli la chini, na atatokea mgongoni ukiwa umeinama. Mwaka 1983 askari wa Salt Lake City, Marekani, aitwaye Dennis Tueller, aliandika alichokipima mazoezini: mtu mwenye kisu aliye umbali wa futi 21, yaani mita sita na ushee, anamfikia mwenzake kwa sekunde moja na nusu hivi. Ni muda ule ule anaouhitaji askari aliyefunzwa ili achomoe na kufyatua. Chukua futi kamba, pima kutoka mlango wa kibanda chako hadi kona anayoweza kujibanza mtu. Kwenye vichochoro vya Mabatini hizo mita sita utazitafuta usizione.

Usiku wa kuamkia Oktoba 13, 2012, pale Kitangiri, Liberatus Barlow alipigwa risasi akafa. Alikuwa Kamanda wa Polisi wa Mkoa wa Mwanza. Alitoka kwenye kikao cha harusi, anamrudisha nyumbani mjumbe mwenzake, jambo ambalo yeyote kati yetu angelifanya. Mtu mwenye mafunzo ya kazi ya maisha, na silaha zote za polisi wa mkoa zikiwa chini ya amri yake. Namtaja kwa heshima, maana kila nikimsikia kijana akisema "ningekuwa na chuma siku ile wasingenigusa," namkumbuka kamanda. Anayeshambulia ndiye anayechagua saa.

Umesoma hayo yote na bado unaitaka. Sawa, sheria inakuruhusu kuomba. Inayotumika ni Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na mwombaji anatakiwa awe ametimiza miaka 25. Safari ya maombi inaanzia mtaani kwako na kupanda ngazi kwa ngazi: serikali ya mtaa, kata, polisi wilaya, kamati za ulinzi na usalama, alama za vidole, hadi wakubwa wa jeshi la polisi lenyewe. Usitafute mtu wa kukupitisha mlango wa nyuma. Ngazi hizi zina kazi, na iliyo muhimu kuliko zote ni ya chini kabisa, pale kwa mwenyekiti wa mtaa. Mazungumzo huenda hivi:

"Shikamoo, mwenyekiti."

"Marahaba, mwanangu. Vuta kiti. Mama watoto hajambo?"

"Hajambo, mzee. Nina barua hapa, naomba unigongee muhuri. Naomba kumiliki silaha."

Mzee anaivua miwani, anaifuta na pindo la shati, anaivaa tena. "Silaha ya kazi gani?"

"Ulinzi, mzee. Biashara imekua kidogo."

"Mungu akuzidishie. Na yule jirani yako mliyegombania mfereji wa maji machafu, mmeshapatana?"

Usinune. Hakuna fomu ya serikali yenye swali zuri kama hilo. Mwenyekiti anajua nani akilewa huvunja sahani, nani alimkimbiza shemeji yake na panga wakati wa matanga, nani halali kwa madeni. Kama wewe na jirani hamjapatana, irudishe barua mfukoni, nunueni mfuko wa saruji wawili ninyi mkajenge huo mfereji, halafu urudi. Na mwenyekiti akikataa kugonga muhuri, kabla hujamtukana kaa usiku mmoja ujiulize anachokijua juu yako.

Ipo njia ya mkato, na lazima niitaje kwa sababu ndiyo inayojiita nafuu. Mwaka 2004 dunia ilionyeshwa Mwanza kupitia filamu ya Hubert Sauper, Darwin's Nightmare, iliyodai kwamba ndege zinazokuja kubeba minofu ya sangara huleta silaha. Rais Kikwete aliipinga hadharani mwaka 2006. Mabishano yale yalikuwa juu ya shehena za vita. Silaha inayoweza kukufikia wewe ni ndogo, imefungwa kwenye kitambaa, inatoka kwa mtu aliyesema anamjua mtu aliyetoka ng'ambo ya mpaka, na bei yake ni ya kutupa. Sikiliza: kumiliki silaha bila kibali kunashtakiwa pamoja na Sheria ya Uhujumu Uchumi, na kifungo chake ni miaka 20 hadi 30. Igawanye bei ile ya kutupa kwa miaka 20 ndani ya Gereza la Butimba. Tena hujui bastola hiyo imeshamuua nani. Ikikutwa kwako, wewe ndiye utakayeanza kuulizwa.

Tuje kwenye kuchagua, maana hapa ndipo vijana wanakesha. Bastola ndogo za bei ya kati sasa zinatengenezwa kila pembe ya dunia. Uturuki kuna Canik ya mji wa Samsun na Girsan ya Giresun. Brazil kuna Taurus, ambayo G2C yake inabeba risasi 12 na huko Marekani huuzwa chini ya dola 300. Glock 19 ya Austria imekuwepo tangu 1988, magazini yake ina risasi 15, na bei yake iko juu kidogo. Makarov ya Kirusi, ya miaka ya 1950, bado inatembea: gramu 730, risasi nane, chuma kitupu. Wakenya wao wameizoea Ceska. Kwetu, mwisho wa yote, utachagua kati ya zile alizonazo muuzaji mwenye leseni siku hiyo, kwa hiyo usijifungie kwenye jina moja.

Ushauri wangu ni huu: nunua kubwa kidogo kuliko unayoitamani. Bastola inavyopungua urefu ndivyo inavyozidi kuwa ngumu kuitumia, na hili wauzaji hawalisemi. Mtutu mfupi una maana alama za kulengea zimekaribiana, kosa dogo la jicho linakuwa kosa kubwa huko mbele. Mpini mfupi unaacha kidole cha mwisho kikining'inia. Uzito mdogo unafanya teke la risasi lote liingie kiganjani, na mtu akishaumia mara mbili tatu anaanza kufumba macho kabla ya kufyatua. Ndogo ni tamu kuibeba na chungu kuifyatulia, na wewe umeinunua kwa ajili ya ile sekunde ya kufyatua.

Halafu ulizia risasi kabla ya kuulizia silaha. Ile ya milimita 9 ya kawaida inapatikana kirahisi kuliko za vipimo vya ajabu, na risasi za Makarov haziingiliani nazo ingawa wote husema "tisa." Hapa nchini Shirika la Mzinga la Morogoro linatengeneza risasi, lakini uliza ni za aina gani kabla hujajipa matumaini. Katika bajeti yako tenga fedha ya mafunzo na ya risasi za mazoezi, mahali panaporuhusiwa na chini ya mtu anayejua. Ukiona fedha hiyo haipo, basi na bastola huna fedha yake. Taasisi ya RAND ilipochunguza polisi wa jiji la New York, ripoti yake ya mwaka 2008 ilionyesha kwamba katika mapambano ya kurushiana risasi askari wale walipata shabaha kwa asilimia 18 tu. Hao ni watu wanaolipwa kufanya mazoezi. Risasi nyingine zote zilikwenda mahali.

Na Mwanza hapo "mahali" pana shida ya pekee. Panda Bugarika au Igogo utazame. Tumejenga juu ya mawe, nyumba juu ya nyumba, bati la mmoja liko usawa wa ua wa mwingine. Unasimama kwenye kizingiti chako na miguu yako iko juu ya kichwa cha mtoto wa jirani aliyelala chini ya bati la geji nyembamba. Risasi ya milimita 9 inatoka na mwendo wa mita 350 kwa sekunde au zaidi. Bati haliisimamishi, na tofali la udongo halina uhakika wa kuisimamisha. Ikikosa bati inakutana na jiwe, na jiwe letu ni gumu, linairudisha kwa pembe ambayo hakuna aliyeipanga. Mwenye nyumba tambarare pale Buswelu ana angalau ukuta wa fensi. Wewe wa mlimani kila upande una mtu. Zunguka nyumba yako mchana, simama mahali ambapo usiku ungesimama, nyoosha kidole mbele, ujiulize nani anaishi pale kinapoelekea. Kama hakuna upande hata mmoja wenye jibu la "hakuna mtu," basi nyumba yako haifai kufyatuliwa risasi, na hapo ndipo pa kuachana na wazo hili bila aibu.

Kuibeba sasa. Joto la Mwanza halikupi koti. Una shati la kitenge na suruali, na kwenye mkanda una kitu cha karibu kilo moja kikishajaa risasi. Simama mwaloni Kirumba asubuhi, pale mizani zinapopima mabondo, umtazame tajiri mwenye chuma. Akikaa anavuta shati upande wa kulia. Akiinuka anapapasa kiuno. Akiinama kuangalia mzigo anainama kwa magoti, mgongo umenyooka kama amemeza mti. Akikumbatiwa na mtu wa nyumbani anageuza nyonga. Wapakiaji wanajua, mama wa chai anajua, watoto wanaookota dagaa walioanguka wanajua. Na wakijua hao, anajua na yule ambaye jina lake umeliandika kwenye karatasi. Jambazi anayejua una bastola hakuogopi. Anakuja mapema zaidi, kwa sababu sasa una kitu cha pili cha kuchukua. Julai 2015 watu walivamia kituo cha polisi cha Sitakishari, Dar es Salaam, wakaua na kuondoka na silaha. Kama kituo kilifuatwa kwa ajili ya bunduki, kiuno chako hakiwezi kuwa kigumu kukifuata.

Kwa hiyo usimwambie mtu. Wala rafiki wa kijiweni, wala mchepuko, wala kwenye picha ya mtandaoni yenye kipini kinachochungulia. Ukiona unatamani watu wajue, ulichokuwa unakihitaji ni heshima, na hiyo inapatikana kwa njia nyingi zisizo na risasi.

Tafuta ala ngumu inayofunika kifyatulio chote na inayoshika mkanda barabara. Usiichomeke bastola bila ala kwenye suruali, hata kwa dakika moja, hata kama mwigizaji amefanya hivyo. Novemba 2008 Plaxico Burress, nyota wa mpira wa Kimarekani, aliingia kwenye klabu ya New York na Glock isiyo na ala kwenye suruali ya michezo. Ikateleza, akaidaka, akajipiga pajani. Alipona jeraha, akafungwa karibu miezi 20 kwa kumiliki silaha isiyo na kibali cha mji ule. Pajani pana mshipa mkubwa wa damu, na kutoka Nyakato hadi hospitali ya Bugando jioni ya foleni ni mbali kwa mtu anayevuja.

Hiace ya Igoma kwenda Nyegezi, siti ya watatu mmekaa wanne, kondakta anakusukuma kiunoni ili aongeze wa tano. Hapo si pa kwenda na bastola. Bodaboda vilevile: ukianguka, unaiangukia. Msikitini ukisujudu shati linapanda. Kanisani mama wa nyuma yako anaona kila kitu wakati wa kupiga magoti. Kwenye sherehe atatokea mjomba aliyechangamka atakayekuomba upige moja hewani kumpongeza bibi harusi, na risasi iliyopanda lazima ishuke, na Mwanza chini kuna bati. Na siku utakayokunywa hata bia moja, silaha ibaki ndani ya sefu. Sina maneno mengi juu ya hili. Pombe na bastola havikai meza moja, na anayebisha asipewe kibali.

Ukizitoa siku za safari, za ibada, za sherehe na za bia, utagundua kuwa umebaki na saa chache sana za kuibeba. Saa zinazobaki zote bastola iko nyumbani, na nyumbani ndipo penye habari nzito.

Mei 2022, Buswelu, wilayani Ilemela, mwanamke aliuawa nyumbani kwa risasi za bastola ya mumewe. Mwili wa mume ulipatikana baadaye ziwani. Mji mzima uliongea kwa wiki, kila mtu na sababu yake, wivu, fedha, simu. Mimi sitaki kuzijua sababu za ndoa ya watu. Ninachokijua ni kwamba ndoa nyingi Mwanza zina wivu, fedha na simu, na usiku mbaya unapita, watu wanalia, mashangazi wanaitwa, asubuhi inafika. Bastola ikiwepo ndani, usiku huo mbaya haupewi nafasi ya kupita. Mwaka huo huo wa 2022 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walitoa matokeo ya kuwafuatilia mamilioni ya watu wa California: mtu asiye na silaha anayeishi nyumba moja na mwenye bastola alikuwa na uwezekano wa takriban mara saba wa kuuawa kwa risasi na mwenza wake, ukilinganisha na jirani wa nyumba isiyo na silaha. Wengi wa waliouawa hivyo ni wanawake. Walioinunua, bila shaka, waliinunua kwa ajili ya jambazi.

Ndiyo maana nasema mkeo ndiye mjumbe wa kwanza wa kamati yako ya ulinzi na usalama. Muulize kabla ya mwenyekiti. Muulize mkiwa na amani, umpe siku kadhaa za kufikiri, na jibu lake lisihitaji maelezo. Akisema hapana, ni hapana. Akisema ndiyo huku anaangalia chini, hiyo nayo ni hapana. Mume naye ana haki hiyo hiyo mke akiwa ndiye mwombaji.

Akikubali kwa moyo, nunueni sefu ya chuma inayofungwa ukutani kwa boliti, risasi zikae zimefungiwa kando. Juu ya kabati si sefu. Chini ya godoro si sefu. Mtoto wa miaka mitano anajua mama huficha wapi biskuti, na bastola unaificha pale pale. Na jiwekeeni ahadi hii mkiwa wazima: mkianza kugombana kwa namna isiyoisha, au kesi ya talaka ikifika baraza la kata, silaha inapelekwa polisi ikahifadhiwe, bila ubishi. Ahadi hiyo hiyo iwe kwako peke yako. Biashara ikianguka, usingizi ukikukimbia, mawazo yakawa mazito kiasi kwamba unaona heri usingekuwepo, mkabidhi mtu mwingine ufunguo siku hiyo hiyo, silaha ipelekwe kituoni, na wewe nenda Bugando ukaonane na daktari wa afya ya akili. Mwanaume wa ziwani amefundishwa kunyamaza, najua. Nenda hivyo hivyo na ukimya wako, ataanza yeye kuuliza.

Watu huniuliza, sasa tulale mikono mitupu? Hapana. Wasukuma na Wanyamwezi waliwahi kukabwa na wezi wa ng'ombe wenye bunduki, na mwanzoni mwa miaka ya 1980, kule upande wa Kahama, wakaanzisha sungusungu kwa upinde, mishale na filimbi. Kilichowatisha wezi kilikuwa mwano: sauti moja inapigwa, kijiji cha kwanza kinaitika, cha pili kinaitika, na mwizi anajua njia zote zimefungwa. Sungusungu walikosea pia, walihukumu watu bila mahakama na wengine wakauawa, na hilo tusilifiche. Lakini mwano wenyewe ulikuwa sahihi. Leo mtaani una ulinzi shirikishi, ambao mchango wake wa mwezi unaukwepa huku ukiwa na fedha ya kuulizia Canik. Lipa mchango. Wanunulie filimbi na tochi. Kuwa na namba za majirani kumi kwenye simu, na siku mmoja wao akipiga kelele saa nane usiku, toka. Hiyo ndiyo itakayowatoa wao kwa ajili yako.

Wakala, punguza fedha taslimu mchana, benki zikiwa wazi, usingoje saa tatu. Badilisha saa ya kufunga, funga mkiwa wawili, kufuli la chini lihamie usawa wa kifua ili usiiname. Wa dhahabu, tangu 2019 serikali imefungua masoko ya madini, Geita na hata hapa. Uzia humo, ulipwe kwa benki, utembee mwepesi. Wa mabondo, gawa mzigo, badili njia, na usipige simu ya bei ukiwa umesimama kijiweni.

Kwa aliyekwisha kumiliki, kuna kazi za karatasi zisizoisha. Leseni lazima ihuishwe kwa wakati. Mwaka 2016 wamiliki walitakiwa kupeleka silaha zao zihakikiwe, na kuna watu walitafuta vitabu vyao vya leseni chini juu kwa jasho. Ikipotea au kuibwa, ripoti saa hiyo hiyo, usisubiri uitafute kwanza kwa aibu. Ukichoka nayo, usiiuze kwa rafiki, usiitupe ziwani, usimwachie shemeji wa kijijini. Ipeleke kituoni na upewe maandishi. Na yule mwenye ile isiyo na kibali, ya kwenye kitambaa, polisi wamekuwa wakitangaza vipindi vya msamaha wa kusalimisha kwa hiari, kama mwaka 2022 na 2023. Sikiliza redio, na kipindi kikitangazwa uwe wa kwanza mlangoni.

Kazi ya mwisho ni ya kuandika. Leseni ya silaha ni ya mtu, haigawanywi kwenye kikao cha arobaini pamoja na shamba na ng'ombe. Mwenye silaha akifa, mjane anabaki na chuma kabatini asichojua namba yake wala kisheria kiko chini ya nani, na mashemeji wameshaanza kukitolea macho. Mwepushie hilo. Andika karatasi moja: aina ya silaha, namba yake, kilipo kitabu cha leseni, sefu iko wapi, na maagizo kwamba siku utakapokufa mtu yeyote asiiguse mpaka polisi waitwe waje kuichukua. Nakala moja akae nayo mkeo, nyingine ndugu unayemwamini, na namba ya simu ya kituo iandikwe juu kabisa kwa herufi kubwa.